Ndewe na Sikio

Waliposema kiharusi, niliuliza: harusi ya nani?
Mdomo ulikuwa umeenda upande; nadhani walisikia povu.
Mkasi uliniponyoka shambani Mpunguzi, mwezi wa nane,
zabibu zimeiva hadi nyuki wanagombana.
Niliinama kuuokota.
Mwili ukainama. Mkono wa kulia ukabaki na mawazo yake.

Tangu siku hiyo, wewe mkono, tunaishi kama mke na mume walionuniana:
kitanda kimoja, hatusemezani.
Nakubeba kwenye kanga kama mtoto wa jirani.
Nakuosha, nakupaka mafuta, nakukata kucha.
Huna hata asante.

Na ugali nimeula kwa kushoto,
mimi niliyewachapa wanangu wanne kwa kosa hilohilo.
Mlenda unachuruzika hadi kwenye kiwiko,
wajukuu wanatazama ukutani.
Adabu yao inaniuma kuliko ganzi.

Chumba cha mazoezi kiko nyuma ya maabara, Dodoma mjini.
Kijana anaitwa Ndahani, kwao Kongwa.
Ana kisanduku kinachoenea kiganjani,
waya mmoja, kibanio kimoja.
"Hatuchani, bibi, wala hatuchomi sindano.
Ni umeme mdogo tu, juu ya ngozi ya sikio.
Pale pana mshipa wa fahamu unaopanda hadi kwenye ubongo."
Nikamwambia: mkono huu, mwanangu, hausikii la ndewe wala la sikio.
"Basi tuanze na sikio," akasema,
akalishika la kushoto, akanyamaza.

Maana ndewe zangu zilitanuliwa nikiwa msichana,
kwa kijiti, kisha kigunzi,
kisha kipande cha mti kinene kama kidole gumba,
zikaning'inia, nasi tukaona ndio uzuri.
Mjini watoto waliniita mshikio wa ndoo.
Tafuta, nikamwambia, sikio lipo,
limezungukwa tu na mapambo yake.
Akapata pa kubana huko juu, kwenye kishimo
ambacho nyanya zangu hawakukigusa.

Umeme ukaja kama siafu waliokula kiapo cha kutouma.
"Sasa inua."
Vibanio vya nguo, kutoka sahani hii hadi ile.
Kila nikijaribu, yeye anabonyeza;
sikio linapigwa hodi, na wewe unaulizwa: upo?
Kimya.
Mara arobaini Jumatatu. Mara arobaini Jumatano.
Ijumaa umeme wa mji ulikatika,
kisanduku kikaendelea, kina betri yake.
Nilikionea wivu.

Wiki ya tano, Ndahani anaandika daftarini, hatutazami,
kidole cha shahada kikaenda.
Si mbali. Upana wa punje ya uwele.
Kikagusa ubao wa kibanio,
na mimi nikausikia ule ubao, mkavu, una mkwaruzo.
Sikupiga kigelegele; mdomo haujarudi hivyo.
Nilisema tu *mbukwa*,
kama kwa mgeni aliyechelewa na chungu bado kiko mekoni.

Sisemi mashine imeniponya.
Mzee Chilongola alivaa kibanio hichohicho wiki sita,
mkono wake umelala vilevile,
naye bado huja, anatuhesabia kwa sauti na kutuibia hesabu.
Kwangu vimerudi vidole viwili, cha tatu kinafikiria.
Mkasi ni mzito. Mkwe wangu ndiye anayepogoa,
anaacha macho mengi mno kwenye tawi, nami nanyamaza,
au nasema.

Lakini jana, wote wamelala,
nilikaa jikoni na kiporo cha ugali,
nikakuweka juu ya sahani, wewe mkono wa kulia.
Ukamega.
Tonge lilikuwa baya, lina pembe, kama la mtoto.
Likaanguka. Likaanguka tena.
La tatu nililifuata kwa mdomo, nusu ya njia.
Tukakutana hapo.